Kasisi si yaya wa kikosi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu kijana wa Mwanza aliyeandika wiki iliyopita kuhusu gemu ya World of Warcraft. Kwanza nimpongeze. Ukurasa uliozoea barua za bei ya sukari na daladala zinazokatisha ruti ulipata hewa mpya, na mengi aliyoyasema juu ya klasi nyingine, yaani aina za wahusika wa kuchagua, nayakubali. Ila alipofika kwa Kasisi, klasi ya kuponya wenzako, aliteleza vibaya. Alidai kwamba kati ya klasi zote tisa za toleo la zamani hakuna isiyo na raha kama hiyo, kwamba kazi nzima ni kukodolea macho vimstari vya kijani, na kwamba anayeichagua amejiajiri mwenyewe kuwa yaya wa watu wazima 39.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari hapa Morogoro, nina watoto wawili wanaonionea aibu, na nimemshikilia Kasisi huyohuyo tangu seva za Classic, zenye toleo hilo la zamani, zilipofunguliwa Agosti 2019. Ni mwanamke wa kabila la Dwarf, mfupi, mnene, nywele kasuka. Kabila hilo nililichagua kwa hesabu, si kwa sura. Katika toleo la zamani ni Makasisi wa Dwarf peke yao wenye kinga ya hofu, na wapo mabosi (maadui wakubwa) ambao wakipiga ukelele watu wote wanatawanyika ovyo, isipokuwa aliyepewa kinga hiyo. Chama chetu, kundi ninalocheza nalo, ni cha Wapoland na Waswidi wengi, Wareno wawili, na mzee mmoja wa Wales ambaye kazi yake ni kulalamika. Wanaanza saa mbili usiku kwa saa za kwao. Kwetu inakuwa saa nne, au saa tatu wakishasogeza saa zao wakati wa kiangazi. Madaftari nasahihisha kabla.

Kwa msomaji ambaye haya ni mageni: gemu hii ilitolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani Novemba 2004, na kila anayecheza anaingia kwa intaneti kwenye dunia moja pamoja na maelfu ya wengine. Unachagua kabila, unachagua klasi, unaanzia levo ya 1 ukiwa huna hata kiatu cha maana, unapanda mpaka 60. Huko juu ndiko mnakojikusanya watu 40 kwenda kupambana na mabosi. Tanki anasimama mbele apokee vipigo. Wengi wanapiga. Wachache tunaponya. Kila mtu ana mstari unaoonyesha uhai wake uliobaki, na ndiyo hiyo mistari anayoidharau kijana wetu.

Nianze na pale alipo sahihi, maana haki ni haki. Kumpandisha Kasisi levo ukiwa peke yako kunachosha. Unajivika ngao, unampachika adui maumivu ya kivuli, kisha unatoa kifimbo na kumrushia cheche mojamoja mpaka adondoke. Kifimbo hakili mana, yaani akiba ya nguvu inayolipia uchawi, ndiyo maana kila Kasisi mwenye akili anatafuta mtu wa kumtengenezea kimoja mapema, levo ya 5 tu. Ukishakianzisha kinarusha chenyewe, wewe unakunywa chai. Nimesahihisha mitihani ya kidato cha pili kwa namna hiyo. Kuna kipaji kinachoharakisha mana kurudi kila unapommaliza adui, kwa hiyo mwendo si mbaya, lakini anayesema kwamba kifimbo kinasisimua anatania. Nafuu inakuja levo ya 40, ukipata umbo la kivuli na maadui wakaanza kuanguka haraka.

Sasa kijana, kwa maneno yake mwenyewe, aliacha kumcheza Kasisi wake akiwa levo ya 24. Mwanangu, sala inayoponya watu watano kwa mpigo mmoja inafundishwa levo ya 30. Uwezo wa kuiteka akili ya adui, levo ya 30 hiyohiyo. Ponya kubwa, ambayo tanki anaishi kwayo, levo ya 40. Klasi nzima umeihukumu kwa kifimbo.

Mchukue Lucifron, bosi wa kwanza ambaye tunakutana naye ndani ya Molten Core, pango la moto la watu 40. Ana uchawi anaowatupia watu wengi kwa pamoja. Kwa sekunde 10 hakuna kinachotokea. Zikiisha, kila aliyenaswa anapoteza uhai 2000. Dawa ni kuuondoa kabla ya hapo, na Kasisi anauondoa kwa mtu mmojammoja. Kati ya tendo moja na linalofuata, gemu inakulazimisha kusubiri sekunde 1.5. Gawa mwenyewe: 10 kwa 1.5, unapata kusubiri mara sita, yaani watu saba ukianza papo hapo, na wa nane anaunguzwa ukiwa umemnyooshea mkono. Makasisi watano wasiogongana kwa mtu mmoja hata kidogo wanaokoa 35. Kikosi kina 40. Paladin, klasi nyingine inayoponya, wanatusaidia, lakini nao wana watu wao wa kuponya.

Kwa hiyo unachagua. Mpiganaji mwenye uhai 6000 mwache alipukiwe, atabaki na 4000 na utamshughulikia baadaye. Mchawi aliyevaa nguo za kitambaa ana kama 3000 akiwa mzima. Akishashuka hadi 1800 huyo ndiye wa kwanza, hata akiwa ni yule mzee wetu wa Wales asiyejua kusema asante. Na wakati unapiga hesabu hiyo, Lucifron anakulaani wewe: kila utakachofanya kinagharimu mana mara mbili. Laana hiyo Kasisi hawezi kujiondolea. Anayeiondoa mara nyingi ni mchawi. Yaani yule uliyemwokoa sekunde nne zilizopita sasa ndiye amekushikia roho yako, na ungemwacha afe, mana yako ingekauka na tanki angefuata. Nimeona kikosi kizima kikilala chini kwa sababu wachawi walikuwa wanashindana nani anapiga zaidi, hakuna aliyetazama nani amelaaniwa. Yaya wa wapi huyo mwenye hesabu za namna hii?

Mana yenyewe kijana hakuigusa, nami naona raha yote iko hapo. Ukitoa uchawi wowote, mana inayorudi kutokana na roho yako (moja ya sifa za mhusika) inasimama kwa sekunde tano. Ukitoa mwingine kabla tano hazijaisha, unaanza kuhesabu upya. Kipaji kimoja kinaruhusu asilimia 15 iendelee kuingia, basi. Pambano likiwa refu unaishi na mana kama na uniti za umeme tarehe za mwisho wa mwezi: unajua zimebaki ngapi, na unajua nani ndani ya nyumba anaacha taa inawaka.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Kila ponya ina madaraja. Ponya kubwa ya daraja la kwanza inagharimu karibu nusu ya ile ya daraja la juu, lakini mavazi yanayokuongezea nguvu ya kuponya yanaziongezea zote mbili kiasi kilekile. Mgeni anabonyeza ya juu kila mara kwa sababu namba yake ni kubwa. Mzoefu amepanga madaraja matatu au manne kwenye vitufe na anatoa linalotosha pengo lililopo, maana ponya inayomwagwa juu ya mtu aliyejaa imepotea.

Kisha kuna kughairi, ambako mimi nakupenda kuliko kitu kingine chochote katika gemu hii. Ponya kubwa, ukiwa na kipaji chake, inachukua sekunde 2.5 kutoka, na mana inakatwa mwishoni, si mwanzoni. Basi unaianza kabla tanki hajapigwa. Macho kwenye mstari wake. Sekunde ya pili inafika: amepigwa? Iache itoke, inamkuta palepale alipopungukiwa. Hajapigwa? Unasogea hatua moja, inakatika, hujalipa kitu, na hesabu yako ya sekunde tano haijaguswa. Unaanza tena. Dakika nzima inaweza kupita hivyo, na anayekuchungulia begani anaona mwanamke mfupi amesimama anapunga mikono bila kufanya lolote. Binti yangu aliwahi kuniuliza kama kompyuta imeganda.

Kuna na jambo linalotuhusu sisi wa huku hasa. Seva tunazochezea ziko Ulaya. Kutoka Morogoro pingi yangu, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, inacheza kwenye milisekunde 180, siku ya mvua inapanda inavyotaka. Mwizi wa visu, klasi ambayo kijana aliimwagia sifa, lazima awe nyuma ya mgongo wa adui na amkatize uchawi wake ndani ya muda mfupi mno. Kwa pingi hiyo, mgongo unaouona kwenye kioo umeshageuka. Kasisi anazimezea milisekunde hizo ndani ya sekunde zake mbili na nusu: mimi naghairi mapema kidogo kuliko mwenzangu wa Sweden, yamekwisha. Sijui kijana anatumia laini gani huko Mwanza, lakini Mtanzania au Mkenya anayechagua klasi leo angetazama pingi yake kabla ya kutazama visu. (Nyaya za chini ya bahari zilipokatika Mei 2024 hakukuwa na klasi ya kumsaidia mtu. Chama kilikwenda bila mimi.)

Aliandika pia kwamba Kasisi hana ubabe. Ndani ya mlima wa Blackrock kuna minyororo mikubwa iliyopita juu ya ziwa la moto, na watu wanatembea juu yake kwenda Molten Core. Kasisi anayevizia pale anaiteka akili ya mchezaji wa upande wa pili, anamtembeza kwa miguu yake mwenyewe mpaka ukingoni, na kumdondosha. Si ustaarabu, wala sisemi kwamba nimewahi kufanya. Na ndani ya Naxxramas, ngome nyingine ya watu 40, yupo bosi Instructor Razuvious, ambaye kipigo chake tanki wa kawaida hakihimili. Katika toleo la zamani njia ni moja: Makasisi wanateka akili za wanafunzi wake mwenyewe na kuwasimamisha mbele yake wapigwe wao, kwa zamu. Wapiganaji wetu wenye mapanga yanayong'aa, wale wanaopiga picha za namba zao kila Jumatano, dakika zile wanasimama pembeni wakisubiri Kasisi aseme "sasa".

Nimkumbushe na kisa cha Septemba 2005, maana nadhani wakati huo alikuwa hajaanza shule. Bosi mmoja wa Zul'Gurub, eneo jingine la mapambano, kwa jina Hakkar, alikuwa na uchawi wa damu mbovu unaoambukiza kwa kukaribiana. Ulitakiwa kuishia humo humo ndani ya pambano. Wanyama wa wachezaji wakautoa nje, ukaingia mijini, na wa levo za chini wakawa wanakufa hapohapo barabarani. Miji ikajaa mifupa. Waliokuwa na uwezo wa kuponya, Makasisi wakiwemo, wakajitokeza kuwahudumia watu wasiowajua, bila kulipwa sarafu wala zawadi yoyote ya mchezo. Kitu ambacho hawakukifikiria ni kwamba aliyeponywa alibaki hai na kuendelea kuambukiza. Kampuni ikalazimika kuziwasha seva upya. Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko walikichukulia kisa hicho kwa uzito kiasi cha kukiandikia katika jarida la The Lancet Infectious Diseases mwaka 2007. Mwizi wa visu hajawahi kuandikiwa na madaktari.

Kero za kweli za Kasisi kijana hakuzitaja, labda kwa sababu hakufika kunakopatikana. Ya kwanza ni mishumaa. Sala ya kukiongezea kikosi uhai, ile ya kundi zima kwa saa moja, inatumia mshumaa kila unapoitoa, na makundi ni manane. Watu wakifa, unawafufua, na wanasimama bila sala, kwa hiyo mishumaa mingine. Hakuna anayechangia. Ya pili ni tanki anayekimbilia kundi lingine la maadui wakati wewe umekaa chini unakunywa maji urudishe mana. Ameona mstari wake umejaa, wa kwako hajautazama. Na ngao! Mpe mpiganaji ngao na atakugombeza, kwa sababu kipigo kilichoishia kwenye ngao hakimpi hasira, na bila hasira hana cha kufanyia kazi. Usimpe, akafa, ni wewe pia.

Lawama ndiyo mbaya zaidi. Pambano likiisha vizuri, majina yanayosomwa ni ya waliopiga. Likiisha vibaya, swali la kwanza kwenye simu ya chama ni "Makasisi walikuwa wapi?" Mtu anasimama ndani ya moto, mwekundu, unaoonekana, mwenzake anamwambia toka, hatoki, halafu anauliza Makasisi walikuwa wapi. Mume wangu, ambaye hachezi, alisikia swali hilo kupitia spika usiku mmoja akaniuliza kwa nini nawalipia yuro 12.99 kwa mwezi watu wanaonisema hivyo. Nilimjibu kwamba usiku huohuo tulimwangusha bosi tukiwa tumebaki wanne, tanki na mimi na wachawi wawili, mana yangu ikiwa imebaki ya ponya ndogo moja, na ilitosha. Hakuelewa. Akaenda kulala.

Sidai kwamba Kasisi atampa raha kila mtu. Anayetaka kuona namba kubwa zikiruka juu ya kichwa cha adui achague mchawi, atafurahi yeye mwenyewe na sisi tutafurahi naye, alimradi aondoe laana. Anayependa kuamua, tena kuamua haraka huku akijua kilichopo hakitoshi, hapa ndipo pake. Ninachokataa ni kusema klasi haina raha kwa sababu raha yake haionekani kwa mtazamaji.

Naongeza kwamba katika toleo kuu la gemu mambo haya mengi hayapo tena. Madaraja ya uchawi yaliondolewa mwaka 2010, na Kasisi wa leo ana vitufe vingi vya kumeremeta na mana isiyomsumbua sana. Nilimjaribu wakati wa likizo. Anaponya vizuri, anapendeza, na hesabu zangu zilikosa kazi. Nikarudi Classic.

Kwa sasa wenzangu kadhaa wamehamia seva za Hardcore, zilizofunguliwa Agosti 2023, ambako mhusika akifa amekufa moja kwa moja, hata uchawi wangu wa kufufua haumgusi. Wamenivuta nami. Nina Kasisi mpya huko, Dwarf tena, levo ya 37, na kila tunapoingia shimoni watu watano nakuta mikono inatoa jasho, maana nikichelewa kwa mtu mmoja miezi yake yote imepotea. Kama hiyo ni raha au ni mateso tu sijaamua. Mwenye uzoefu wa kuponya huko na aandike kwenye ukurasa huu, hata akiwa ni kijana wa Mwanza, ila kwanza avuke levo ya 30.

Mwalimu wa Hisabati,
Kihonda, Morogoro